Bangkok zaidi ya Pratunam: uzoefu wangu wa mto, kasri na mahekalu

Wengi wetu tunaofuata mzigo wa nguo tunaijua Bangkok kwa majina matatu: uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, soko la Pratunam, na mitaa ya Nana ambako chakula cha halali hakikosekani hata usiku wa manane. Ukishafunga mzigo na kumkabidhi wakala, muda unaobaki unaishia hotelini au kwenye maduka makubwa yenye kiyoyozi. Naona ni hasara kubwa. Vivutio vya mji ule vinafikika kwa nauli ndogo, na vingine viko pua na mdomo na pale tunaponunulia. Nimevitembelea kidogo kidogo, kila nilipopata nafasi, na hapa naeleza nilichoona, nilicholipa na ninachopendekeza.

Nianze na usafiri, maana foleni za Bangkok zinaweza kukumalizia siku nzima barabarani. Mji huu umekua kando ya maji, na kwenda mji wa kale, maji ndiyo njia bora hadi leo. Pale Pratunam pana gati ya boti za mfereji wa Saen Saep. Boti ni ndefu na zinakimbia kwelikweli. Maji ya mfereji si masafi, kwa hiyo boti nyingine inapopishana na yenu, abiria wa pembeni huvuta kamba na kuinua turubai ili wimbi lisiwarukie. Kondakta anatembea kwenye ukingo wa nje, helmeti kichwani, anakusanya nauli huku boti inakwenda. Uwe na chenji mkononi. Mwisho wa safari yangu ulikuwa gati ya Phan Fa, na hapo nilikuwa nimeshafika mji wa kale. Kutoka hapo ukitembea kidogo kwa mguu unafika Wat Saket, hekalu lililo juu ya kilima kilichojengwa na watu, lenye ngazi zaidi ya 300 za kuzunguka na kengele zilizotundikwa njiani. Panda asubuhi kabla jua halijakolea. Juu kuna upepo, na paa za mahekalu zinaonekana kila upande.

Kwa mto wenyewe, Chao Phraya, nilipanda treni ya juu hadi kituo cha Saphan Taksin na kushuka gati ya Sathorn. Boti yenye bendera ya rangi ya chungwa ilikuwa na nauli moja, baht 16 (baht ni fedha ya Thailand), uende karibu au mbali. Hapo hapo gatini utaitwa na wauza tiketi za boti za watalii, za bei kubwa zaidi. Zina nafasi na maelezo kwa Kiingereza, lakini kwa anayejua gati anayokwenda, bendera ya chungwa inatosha. Jambo moja kwa kina mama: kuna sehemu iliyotengwa kwa watawa wa Kibudha, na mtawa haruhusiwi kuguswa na mwanamke hata kwa kupitana. Boti ikijaa, msogelee mama mwenzako.

Kasri la Mfalme liko gati ya Tha Chang. Lilianza kujengwa mwaka 1782, Mfalme Rama wa Kwanza alipohamisha makao yake kutoka Thonburi, ng'ambo ya mto. Kiingilio kwa mgeni ni baht 500, karibu shilingi elfu 40 za kwetu Tanzania, na ndicho kikubwa kuliko vyote nilivyolipa mjini humo. Je, inalipa? Inalipa, kwa sharti la kufika mlango unapofunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne, vikundi vya watalii vimejaa kila uchochoro, viongozi wao wamenyanyua vibendera, na jua linarudi usoni kutoka kwenye kuta za dhahabu. Uzuri hauendi popote, ila huwezi kusimama ukautazama.

Mavazi yanakaguliwa mlangoni: mabega yafunikwe, suruali au sketi iwe ndefu. Mimi nilivaa dera na mtandio, nikapita bila neno. Niliona wageni wengi wakirudishwa kwenda kutafuta suruali za kununua nje.

Ndani ya uzio ndimo lilimo hekalu la Wat Phra Kaew, lenye sanamu ya Buddha iliyochongwa kutoka kipande kimoja cha jiwe la kijani. Ina urefu wa sentimita 66 tu na imewekwa juu sana, kwa hiyo usitegemee kuiona kwa undani. Kilichonigusa mimi mfanyabiashara wa nguo ni kwamba sanamu hiyo ina mavazi matatu ya dhahabu, la joto, la mvua na la baridi, na mfalme ndiye anayeibadilisha msimu unapogeuka. Picha haziruhusiwi ndani. Unavua viatu, unakaa chini na kukunja miguu ili nyayo zisielekee sanamu. Wenzangu Waislamu huniuliza kama mtu analazimishwa kusujudu. Hakuna anayelazimishwa. Unakaa kimya kwa heshima, unatazama, unatoka.

Usiondoke kasrini bila kuzunguka ukumbi wa nje wenye michoro ya Ramakien, simulizi ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, kwa namna ya Kithai: michoro 178 iliyopangwa ukuta mzima, ina majitu, nyani wa vita na meli. Na tiketi ile ile ilinifungulia makumbusho ya nguo ya Malkia Sirikit, ambayo watu wengi wanaipita bila kuingia. Kuna hariri zilizofumwa kwa mkono, na kiyoyozi kizuri baada ya jua lile. Kwa anayeuza vitambaa, saa moja humo ndani ni shule.

Nitoe tahadhari. Kwenye njia za kuelekea kasrini, mtu aliyevaa nadhifu atakusalimia kwa upole na kukwambia kwamba leo kumefungwa, kuna ibada, ila anaweza kukupatia bajaji ya bei rahisi ikupeleke mahekalu mengine. Mwisho wa safari hiyo ni duka la vito au la suti, ambako dereva anapata chake. Nimesimamishwa hivyo zaidi ya mara moja. Shukuru, endelea kutembea mpaka mlangoni, usome mwenyewe.

Kutoka kasrini kwa mguu unafika hekalu la Wat Pho, na kama una nafasi ya mahali pamoja tu kati ya hapo viwili, mimi nakwambia Wat Pho. Nililipa baht 300. Buddha aliyejilaza kwa ubavu ana urefu wa mita 46 na kimo cha mita 15, na jengo limembana kiasi kwamba hakuna mahali pa kusimama ukamwona mzima. Unamwona kipande kipande katikati ya nguzo: uso, kiwiko, kisha mgongo wa dhahabu usiokwisha. Nenda mpaka miguuni. Nyayo zimepambwa kwa maganda ya chaza yenye mng'ao wa lulu, picha ndogo 108 za alama za heri, kila moja kwenye kisanduku chake. Nyuma yake kuna bakuli 108 za shaba ukutani. Watu wanatumbukiza sarafu moja moja wakipita, na mlio wake unajaa jengo zima.

Nje kuna ua mkubwa wenye vivuli ambao wageni wengi wanauruka. Humo zimo bamba za mawe ambazo Rama wa Tatu aliamuru ziandikwe elimu ya zamani, ikiwemo tiba, pamoja na michoro ya mwili wa binadamu yenye mistari ya mahali pa kukandwa. UNESCO imeziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Elimu hiyo bado inafanya kazi: ndani ya eneo la hekalu wanakanda watu kwa malipo ya pembeni. Unabaki na nguo zako, magodoro yametandikwa ukumbini, hakuna chumba cha faragha. Kwa mtu aliyebeba mabelo Pratunam, mgongo wangu ulishukuru.

Kisha vuka mto. Kivuko cha Tha Tien ni baht 5, dakika chache tu, unashuka hekalu la Wat Arun. Hapa ndipo moyo wangu uliposimama. Kwa mbali mnara wake unaonekana wa kijivu. Ukiusogelea unakuta umefunikwa kauri kutoka chini hadi juu: vipande vya sahani na bakuli za Kichina, vilivyokuja kwenye meli za biashara kama uzito wa kuzituliza baharini. Mafundi walivipanga kwa umbo la maua. Katikati ya kila ua unakuta kisahani kizima, kimezungukwa na vipande vya kijani, waridi na manjano vilivyokatwa kama petali. Kwenye baadhi yake bado unaona michoro ya brashi iliyochorwa kwa ajili ya meza ya mtu.

Sisi watu wa pwani tuna haki ya kusimama hapo kwa muda mrefu. Makaburi ya kale ya Kunduchi na ya Kaole, Bagamoyo, nayo yalipachikwa sahani na bakuli za Kichina, na pengi zimebaki alama za mviringo tu kwenye chokaa baada ya zenyewe kung'olewa. Bahari moja, bidhaa moja, na pande zote mbili watu waliona kauri ni kitu cha kupambia mahali pa heshima. Wenzetu wa Bangkok wameukarabati mnara wao, wameuosha, na wanaingiza watu kwa tiketi ya baht 200. Ya kwetu yanastahili uangalizi kama huo.

Ngazi za mnara zimesimama wima, ushike chuma wakati wa kushuka. Pembeni kuna maduka ya kukodi mavazi ya Kithai ya hariri kwa ajili ya kupiga picha, na wasichana wamejaa humo. Biashara nzuri sana, nimeiangalia kwa makini.

Karibu kabisa na Pratunam, kando ya mfereji ule ule, kuna nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeikuza biashara ya hariri ya Thailand akapotea Malaysia mwaka 1967 asionekane tena. Nyumba za mtiki ni nzuri, ila unaingia na kiongozi na mwendo ni wa haraka kwa ladha yangu. Ng'ambo ya maji ni Ban Krua, mtaa wa Waislamu wa kabila la Cham, ambao wafumaji wake ndio waliomfumia hariri yake. Tembea huko pia kwa adabu, ni makazi ya watu: vichochoro vyembamba, nguo zimeanikwa na msikiti katikati ya nyumba.

Ukiwa upande wa mto siku ya Ijumaa, msikiti wa Haroon uko Bang Rak, uchochoroni karibu na ubalozi wa Ufaransa, hatua chache kutoka jengo la zamani la forodha. Jirani yake wauzaji wanapika vyakula vya halali, na baada ya swala nilikula hapo wali na kuku kabla ya kurudi kuuliza habari za mzigo wangu.