Nilifuata meli ya shaba Alpena, nikaonyeshwa ya makaa

Niseme mapema: ukienda Alpena, Michigan, Marekani, ukitaka kuiona Pewabic, meli iliyozama ikiwa imebeba shaba, boti ya watalii yenye sakafu ya kioo haitakusaidia. Nilikata tiketi kwa pupa, sikuuliza kina. Pewabic imelala takriban mita 50 chini ya Ziwa Huron. Huko hufiki kwa kuchungulia.

Tulichoonyeshwa ni Monohansett, meli ya makaa ya mawe iliyoungua mwaka 1907 karibu na kisiwa cha Thunder Bay. Iko mita tano na ushei tu chini ya maji, na hapo nikasahau kununa. Mataruma unayaona moja moja, kome wamejazana juu yake, na boila limejilaza kando kama kiboko aliyeshiba. Mbao zimedumu kwa sababu maji ni baridi na hayana chumvi, kwa hiyo wale wadudu wa baharini wanaotoboa vyombo hawamo. Nahodha alizima mwendo tukaelea juu yake, boti nzima kimya.

Kero? Spika ya nyuma ilikuwa ikikoroma, nusu ya maelezo ikatupita. Na wimbi likiinuka, kutazama chini kunachefua. Mimi nilitapika, basi.

Habari za Pewabic nilizipata nchi kavu, kwenye kituo cha Great Lakes Maritime Heritage Center, ambacho hakina kiingilio. Tarehe 9 Agosti 1865 ilikuwa ikishuka na shaba kutoka Ziwa Superior, ikapishana na Meteor, meli ya kampuni hiyohiyo. Zikakaribiana mno. Meteor ikaigonga, na Pewabic ikazama kwa dakika chache pamoja na abiria wengi. Meteor yenyewe ikanusurika. Halafu ikaja tamaa: wapiga mbizi kadhaa walikufa wakiifuata ile shaba, hadi mwaka 1917 sehemu yake ilipopandishwa. Shaba, jamani, wala si dhahabu!

Humo kituoni pia wamejenga merikebu ya mbao ya ukubwa halisi, unapanda hadi sitahani. Watoto hawakutaka kushuka, na mimi sikuwahimiza.

Boti naipa nyota tatu, kituo tano. Nikirudi nitaanzia kituoni, kisha nipande boti asubuhi ziwa likiwa shwari, na nitakaa mbele.