Brashi au dawa? Tunafungua kibadilisha joto cha injini ya boti hapa Kirumba

Mwangaluka, ndugu zangu watazamaji. Leo tuko Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, na hapa mezani nina vitu viwili mnavyoniuliza sana: seti ya brashi za nailoni zenye fito ndefu, na kopo la dawa ya kuondoa chokaa, ndani yake ni tindikali ya hidrokloriki. Vyote vinauzwa kwa kazi moja, kusafisha kibadilisha joto. Chenyewe ni hiki, kimetoka kwenye injini ya dizeli ya silinda nne, ya boti inayopeleka mizigo Ukerewe. Nahodha wake anasema boti ikiwa tupu geji ya joto inatulia, ikipakiwa mizigo na injini kuongezwa kasi geji inapanda, na maji yanayotoka na moshi yamepungua.

Wale wenye mashine za petroli za kufunga nyuma ya mtumbwi, mashine zenu zinapozwa moja kwa moja na maji ya ziwa, hazina kifaa hiki. Leo naongea na wenye injini za ndani.

Sogea uone. Humu kuna mirija mingi membamba ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Maji ya ziwa yanapita ndani ya mirija, kulanti ya injini, yaani kimiminika cha kuipoza kinachozuia kuganda na kutu, inapita nje ya mirija, kwenye ganda hili la aluminiamu. Hayachanganyiki, kinachovuka ni joto tu. Kwa hiyo kinachafuka pande mbili, na uchafu wa upande huu si uchafu wa upande ule. Lishike hilo, maana ndilo linaloamua ununue nini.

Tuanze na upande wa ziwa. Nimefungua kifuniko cha mwanzo, maji yanapoingilia. Angalia: mizizi ya gugu maji, tope, magamba ya samaki, kipande cha uzi wa nyavu, na hiki cheusi ni bawa la impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani ya pampu. Impela ya pampu ikikatika, vipande vyake vinakuja kukwama hapa. Ukikuta bawa moja, fungua pampu uone yamepungua mangapi, uyatafute yote. Kipande kikibaki kwenye bomba, injini ikiwashwa kinarudi kuziba mirija uliyotoka kuisafisha.

Sasa, chokaa iko wapi? Mimi siioni. Dawa za namna hii zimelengwa kwa boti za baharini, ambako chumvi na chokaa zinaganda mirijani maji yakipata moto. Maji ya Victoria ni baridi, hayana chumvi na chokaa yake ni kidogo. Tindikali utaimimina, na mzizi wa gugu maji utaukuta pale pale, mchanga nao hivyo hivyo. Upande huu brashi inashinda kwa mbali.

Brashi zenyewe nazipenda. Nyuzi zake zinajaza mrija bila kulazimisha. Kasoro iko kwenye kiungo cha fito: ni plastiki, ukizungusha kwa nguvu kinaachia na brashi inabaki ndani. Kwa hiyo isukume tu, usiizungushe, na uisukume kinyume na mwendo wa maji, uchafu urudi ulikoingilia. Huna brashi? Kijiti laini cha mbao kinachopita bila kubana kinatosha. Ila spoku ya baiskeli, ninayoiona mikononi mwa mafundi wengi, naomba muiache kabisa. Inakwaruza utando unaoilinda shaba, na pale palipokwaruzwa ndipo panapoanza kutoboka. Ukimaliza, suuza, uelekeze mirija kwenye jua uchungulie. Kila mrija uonyeshe mwanga, mmoja mmoja.

Upande wa kulanti. Hapa nimelichomoa fungu zima la mirija, na kabla ya kulichomoa nimepiga alama ya rangi kwenye ganda na kwenye fungu, maana likirudi limegeuka, maji hayapiti njia yake. Ona rangi hii ya kahawia. Hii ni kutu ya injini. Imetoka wapi? Kulanti imepungua, mtu amejaza maji ya ziwa kwa ndoo, siku baada ya siku, mpaka hakuna tena kinachozuia kutu. Hapa Mwanza hakuna barafu, wengi wanadhani kulanti haina kazi. Kazi yake kubwa kwetu ni hii.

Na hapa brashi haifiki, mirija imebanana mno. Kwa hiyo dawa inahitajika, lakini si hii ya kopo. Hidrokloriki inakula aluminiamu, ukiimwaga ndani ya ganda hili umeliharibu. Sipendekezi uinunue. Mimi nalowesha fungu peke yake kwenye beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu na unga wa asidi ya sitriki, ule wa watengeneza juisi. Kutu inaachia taratibu, naitazama kila mara, kisha nasuuza sana.

Usirudishe kabla ya kupima uvujaji. Baharini mrija ukitoboka, chumvi kwenye kulanti inaweza kukuonyesha. Kwetu hakuna chumvi, utaona kulanti inapungua tu na chini hakuna hata tone, kumbe presha inaisukuma kuingia ziwani. Ziba matundu ya upande wa kulanti, ingiza upepo kidogo, zamisha kwenye maji utafute mapovu.

Kagua na kifuniko cha presha, kile cha kujazia kulanti; presha yake ndiyo inayozuia kulanti isichemke mapema. Ziwa liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hapa maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sili ya kifuniko ikichoka, kulanti inachemka mapema. Na kama injini yako ina anodi, yaani kipande cha metali kinacholiwa badala ya injini, ya zinki ni ya maji chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi inajifunika ukoko mweupe na kuacha kufanya kazi. Tafuta ya magnesiamu.

Wakati wa kufunga weka oringi mpya, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishana, jaza kulanti, toa hewa, uwashe.

Bado beseni hili. Nanyunyiza magadi kuua makali ya asidi, mpaka povu likome kutoka. Kulanti kuukuu inaingia kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, maana ni sumu na ina ladha tamu. Dumu hilo halimwagwi ufukweni. Maji ya bomba tunayokunywa mjini yanavutwa humu humu ziwani, pale Capri Point na Butimba.