TAHADHARI: "Safari ya ngome na uwanja wa vita" Stirling inaishia kwenye maegesho ya magari

Pauni 910. Watu 14, pauni 65 kila kichwa, na hakuna hata mmoja aliyevuka lango la ngome ya Stirling, Uskoti, wala kukanyaga Bannockburn, uwanja ambako Waskoti waliwapiga Waingereza mwaka 1314. Tumepigwa mchana kweupe na mwongoza watalii, tena kwa Kiswahili safi, na mwisho wa safari tukampigia makofi. Hayo makofi ndiyo yanayoniuma kuliko hela.

Jina simtaji, suala liko polisi. Mnaomjua mnamjua: kibasi cheupe, kadi ya plastiki shingoni, "karibuni wapendwa".

Tulivyoingizwa mjini ni hivi. Kibasi kilitakiwa kuondoka Edinburgh saa 3 asubuhi, kikaja saa 4 na dakika 40. Njia ni kama kilomita 60, mwendo wa saa moja, lakini tukawekwa kwenye kituo cha mafuta dakika 25 "kusubiri tiketi zithibitishwe". Saa 6 na robo tukashuka kwenye uwanja wa mbele wa ngome ya Stirling. Uwanja huu ushikeni vizuri, kwa sababu ndio aliotuuzia. Uko juu ya mwamba, nje ya lango. Magari hulipia kuegesha pale, ila mtu kwa miguu anasimama bure kutwa nzima. Ukuta unauona, mandhari unayaona, ukumbi mkubwa wa rangi ya siagi unauona ukichungulia juu ya ukuta. Ukipiga picha, hakuna atakayejua kama hukuingia.

Pale langoni akatoa simu na picha ya tiketi yenye msimbo wa QR. Mfanyakazi akaiskani mara mbili, akatikisa kichwa. Jamaa akacheka: "Mfumo wao huu, kila siku hivi hivi." Akatuomba tusogee pembeni tusizibe njia. Tukasogea! Watu wazima 11 na watoto watatu, tukasogea kama kuku. Akaenda "ofisini" akakaa dakika 40, akarudi na pole nyingi: nafasi za leo zimejaa, lakini sehemu muhimu ya historia iko huku nje, twendeni.

Hapo ndipo kazi ilipofanyika. Kwenye uwanja ule kuna sanamu ya mawe ya Robert the Bruce, mfalme wa Waskoti aliyeshinda Bannockburn, amesimama kwa miguu yake. Jamaa akatukusanya chini yake, akashusha sauti, akasimulia jinsi Henry de Bohun, askari farasi wa Kiingereza, alivyomkimbilia Bruce na mkuki juu ya farasi, Bruce akakwepa na kumpasua kichwa kwa shoka. "Ni hapa hapa mlipokanyaga," akasema, na akapiga kisigino chini. Watoto wakaangalia viatu vyao. Kisa ni cha kweli, kilitokea tarehe 23 Juni 1314, siku ya kwanza ya vita. Ila kilitokea upande wa Bannockburn, kama kilomita 3 kusini ya pale. Mmoja wetu aliuliza mbona Bruce hana farasi kama kwenye picha ya tangazo. Tukamnyamazisha.

Halafu akatupeleka ukingoni, akanyoosha mkono chini ya mwamba kwenye majani yaliyochongwa ngazi ngazi, pembe nane, yamenyooka kama yamepimwa kwa rula. "Mahandaki ya jeshi la Bruce." Nani alikataa? Hakuna. Na sababu ya kumeza ni kwamba Bruce kweli alichimba mashimo Bannockburn, akayafunika kwa matawi ili farasi wa Waingereza wavunjike miguu. Tapeli mzuri anachukua kweli moja anaibandika mahali pasipo pake. Kile kitu kinaitwa King's Knot, ni bustani ya kifalme ya karne ya 17. Maua, jamani. Tulipiga picha za kishujaa mbele ya vitanda vya maua.

Saa 9 na nusu alasiri akatangaza kwamba saa za dereva zimeisha kisheria na Bannockburn "imefungwa". Dereva alikuwa ameendesha chini ya saa mbili. Na uwanja wa Bannockburn, wenye mnara wa mduara na nguzo ya bendera, ni eneo la wazi na kuingia ni bure. Chenye tiketi na saa zake ni kituo cha wageni tu, kilicho chini ya National Trust for Scotland. Ngome ni mali ya umma chini ya Historic Environment Scotland. Ni taasisi mbili na tiketi mbili, kwa hiyo "tiketi moja ya kote kote" aliyoitangaza ilikuwa ya kuchora.

Mtasema mbona hamkushtuka. Tulimwamini kwa sababu mambo mengi aliyosema yalikuwa sahihi. Alisema tiketi za ngome zinakatwa mtandaoni na mapema ni nafuu: kweli. Akasema ndiyo maana anataka hela yote kabla: hapo ndipo penye ndoano. Alijua tarehe, alijua kwamba Philip Mowbray, aliyeishika ngome kwa niaba ya Waingereza, alikuwa ameahidi kuisalimisha kama jeshi la Edward II, mfalme wa Uingereza, lisingefika kabla ya katikati ya mwaka. Mtu anayejua habari za Mowbray unamdhania msomi.

Lakini tangazo lenyewe lilikuwa limejifunga kitanzi. Liliahidi "kuingia chumba alicholala Edward II baada ya kushindwa". Edward alikimbilia ngomeni, Mowbray akakataa kumfungulia, Edward akatimka mpaka Dunbar, pwani ya mashariki, akapanda mashua. Hakulala humo. Isitoshe, Bruce aliibomoa ngome baada ya ushindi ili adui asiitumie tena. Majengo mengi yanayoonekana leo ni ya kati ya 1490 na 1600. Kwa hiyo Edward II aliachwa nje ya lango lile, na sisi tukaachwa nje. Angalau yeye hakulipa pauni 65.

Huyu mtu hafai kuonywa. Alale ndani, arudishe kila senti, na zile picha zetu tukitabasamu mbele ya bustani azifute, maana tayari amezitumia kutangaza safari ya Agosti! Na wale wanaoandika "mimi alinipeleka vizuri" chini ya matangazo yake, nao waulizwe: waliingia ndani? Waliona dari yenye vichwa vya mwaloni vilivyochongwa, kwenye kasri la mfalme James V, humo humo ngomeni? Wakishindwa kujibu, ni washirika wake. Akionekana kwenye sherehe zetu tena na ile kadi shingoni, mwenye shughuli amtoe.

Mnaotaka dalili, haraka haraka. Kibasi cha kubeba abiria 9 au zaidi kwa malipo kinatakiwa kuwa na kile kikaratasi cha leseni ya mwendeshaji kwenye kioo cha mbele. Chake hakikuwa nacho. Tiketi mtumiwe wenyewe kwa barua pepe, siyo picha ya skrini kwenye simu ya mtu. Ratiba ya kweli inahitaji saa mbili na nusu hadi tatu ngomeni na kama saa moja Bannockburn; anayefika saa 6 na kuondoka saa 9 hawezi kumaliza vyote. Na Bannockburn Bruce ni wa shaba, yuko juu ya farasi, sanamu ya mwaka 1964. Kama Bruce yuko chini, hamjafika.

Kwenda wenyewe si kazi: treni ya kutoka kituo cha Waverley, Edinburgh, hadi Stirling ni kama dakika 50, kupanda ngomeni kwa miguu kama dakika 20, halafu basi la mjini hadi Bannockburn.

Sasa hela. Safari ya siku moja isiyo na kulala hailindwi na sheria ya vifurushi vya utalii. Kadi ya mkopo inambana muuzaji na benki pamoja pale bei ya kitu inapozidi pauni 100. Pauni 65 haifiki, na sitashangaa kama alilijua hilo. Waliotuma kutoka benki kwenda benki: tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kuwarudishia waliotapeliwa, ila zinaruhusiwa kukata hadi pauni 100 za kwanza, kwa hiyo aliyetuma 65 anaweza kuambulia patupu. Aliyelipia familia ya watu wanne, 260, adai. Benki itajaribu kusema huu ni mgogoro wa mteja na muuzaji. Wapeni ile picha ya tiketi ya uongo, hiyo ndiyo inayoonyesha alikusudia. Polisi wa Uskoti ni 101.

Mliolipia Agosti, msimwandikie kwanza "kumuuliza tu". Hifadhini tangazo na meseji kabla hajafuta, kisha pigeni benki leo.