Bima ya fimbo za gofu safarini: walichonilipa, walichoninyima, na lile begi

Nianze na nyota ili mwenye haraka aondoke nazo. Bima ya mcheza gofu niliyokata kabla ya kwenda Uskoti Juni 2025: nyota tatu kati ya tano. Begi laini la kusafirishia fimbo: tatu na nusu. Mlingoti wa ndani ya begi: tano. Majina ya kampuni siyataji kwa sababu dai langu moja bado halijafungwa, na nisingependa meneja aje kunisoma huku badala ya kujibu barua yangu.

Mimi ni mhasibu mstaafu, nacheza Moshi Club, handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ndogo ndiyo nzuri) 21 na haina dalili ya kushuka. Fimbo zangu nyingi nilizinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nyingine nimeziokoteza moja moja kila mwanangu anapotoka safari. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonitesa baadaye.

Dalali wa bima aliniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, fimbo zimo humo humo kwenye bima ya safari." Nikaomba mkataba niusome. Akacheka kidogo, nadhani hajazoea. Kwenye ukurasa wa mizigo nikakuta kwamba vitu vinavyotumika pamoja kama seti vitahesabiwa kuwa kitu kimoja, na kitu kimoja hakilipwi zaidi ya dola 300. Sheria za gofu zinaruhusu fimbo 14 mfukoni. Kwa bima ile, zote 14 pamoja na mfuko wake ni kitu kimoja, kama sinia la pilau. Dola 300 hazikununulii hata draiva (fimbo ya kupigia mbali kuliko zote) mpya ya maana. Wenzangu wengi wanasafiri na bima hii wakiamini wamejikinga.

Kwa hiyo nikakata bima nyingine juu yake, ile ya mcheza gofu. Hii inabeba mambo manne: fimbo zenyewe, madhara kwa watu wengine (mpira wako ukimpata mtu kichwani au kioo cha gari), ajali yako mwenyewe, na mpira kuingia shimoni kwa pigo moja. Hilo la mwisho linachekesha lakini lina sababu. Desturi ya klabu ni kwamba aliyepiga pigo hilo ndiye anayenywesha watu, na siku ya mashindano kaunta hujaa hata wasiokujua. Bima inalipa hiyo bili, mradi kadi ya alama isainiwe na uliyecheza naye na katibu wa klabu. Mimi sijawahi kupiga. Ada yake nalipa hivyo hivyo.

Kilichonikera ni kuorodhesha. Wanataka kila fimbo kwa jina, mwaka na thamani, na risiti juu. Za yule mzungu sina risiti hata moja. Za dukani ninazo, lakini risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukiikalisha droo miaka miwili inakuwa karatasi nyeupe. Niliitoa moja nikabaki naigeuza kwenye mwanga kama mganga. Kilichoniokoa ni barua ya mwalimu wa gofu aliyezikagua fimbo na kukadiria bei zake, pamoja na picha za kila fimbo, namba ya kiwandani ikionekana shingoni kwa zile zilizo nayo. Wakaikubali. Risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo uliponunua, kabla hujafika nyumbani.

Kufunga mzigo nilimwachia kedi wangu, mbeba fimbo zangu uwanjani, kijana anayenijua na hasira zangu zote. Alifungua skrubu ya draiva kwa kile kifunguo chake, akakitoa kichwa, akakivisha soksi mbili na kukisokomeza kwenye kiatu. Vichwa vya chuma akavifunga taulo kwa pamoja visigongane. Kisha mlingoti: fimbo ya alumini inayorefushwa, unaisimamisha katikati ya mfuko, na kichwa chake chapana kinazidi urefu wa fimbo zote. Begi likitupwa kichwa chini, na litatupwa, kinachogonga sakafu ni mlingoti. Kedi aliurefusha vizuri. Mimi, kwa kuwa zipu ilikuwa inakaza, nikaupunguza vidole viwili usiku ule nyumbani. Kumbuka hivyo vidole viwili.

Begi zima likaja kilo 21, nikashukuru, maana nauli yetu iliruhusu 23 kwa mzigo. Pale uwanja wa ndege wa KIA binti wa kaunta akaniletea kibandiko nisaini: begi si gumu, shirika halitawajibika likiharibika. Foleni nyuma yangu ilikuwa inaguna. Nikasaini.

Tulifika Edinburgh Jumamosi jioni. Fimbo hazitoki kwenye mkanda wa kawaida, zinatolewa pembeni kwenye mizigo mikubwa, kwa hiyo usianze kulia mapema. Sanduku gumu la shemeji yangu, SKB la plastiki nene, likatoka limesimama kama askari wa zamu. Langu halikutoka. Mhudumu akasema kompyuta inaonyesha limeshafika. Simu yangu ikasema AirTag, kile kidude cha kufuatilia mzigo nilichokificha ndani ya begi, bado iko jangwani kule Ghuba, tulikobadilishia ndege. Nikamwonyesha. Akaacha kubishana, akaandika fomu ya mzigo uliochelewa, akanipa namba. Hapa nasisitiza kuliko kote: usitoke nje ya ukumbi ule bila karatasi hiyo. Kila senti niliyolipwa baadaye ilipita kwenye namba ile.

Jumapili, kwa kejeli ya Mungu, hata ningekuwa na fimbo zisingenifaa. Uwanja wa Old Course pale St Andrews Jumapili kwa kawaida haupigwi gofu. Unakuwa bustani ya mji, watu wanatembeza mbwa kwenye nyasi ambazo wengine wametoka Japani kuja kuzikanyaga. Nikavuka daraja la Swilcan mikono mitupu, nikapiga picha, nikala aiskrimu. Saa nne usiku bado kweupe, usingizi hauji, nikaisoma bima tena.

Jumatatu nikakodi seti nikacheza New Course, "mpya" ya mwaka 1895. Fimbo za kukodi zilikuwa bora kuliko zangu, hilo halimo kwenye madai. Bima inalipa ukodi mzigo ukichelewa zaidi ya saa 12, na hapa nawapa sifa yao: nilituma risiti, ile fomu, na barua ya shirika ikionyesha saa begi lilipopatikana, nikalipwa yote ndani ya wiki tatu, bila simu hata moja. Dalali alishangaa kuliko mimi.

Begi lililetwa Jumatatu hiyo hiyo usiku. Draiva nzima, vyuma vyote vizima, pata, ile ya kusukumia mpira shimoni, nzima. Wudi namba 3, fimbo ndefu inayofuata draiva, imekatika shingoni. Ni ya zamani, kichwa chake kimegandishwa kwa gundi, hakitoki, na draiva ilipovuliwa kichwa yeye ndiye akabaki mrefu kuliko wote. Mrefu kuliko mlingoti, kwa vidole viwili.

Sasa fedha. Safari kama yetu inatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Mzigo ukiharibika unaandika malalamiko ndani ya siku saba tangu uupokee, ukichelewa ni siku 21. Maandishi, si maneno ya kaunta. Kikomo cha fidia tangu mwisho wa Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, ile fedha ya mahesabu ya IMF, ambayo wakati ule ilikuwa kama dola 2,000 na kitu. Hicho ni kikomo cha mizigo yako yote, nguo na fimbo pamoja, kwa hiyo mwenye seti mpya kabisa ataona kinavyoisha upesi. Niliandika siku ya tatu, na picha. Wakanijibu kwa kibandiko changu. Nikawajibu kwa kifungu cha 26 cha mkataba huo huo, kinachobatilisha sharti lolote la kulipunguzia shirika wajibu chini ya ule wa mkataba. Baada ya kimya cha mwezi mzima wakalipa dola 90, nusu ya thamani ya wudi, kwa hoja kwamba imechakaa.

Nusu iliyobaki nikaipeleka kwa bima, na hapo ndipo nyota mbili zilipodondoka. Kwenye dola 90 wakatoa dola 50 ambazo kila mdai hubeba mwenyewe, kisha kwenye 40 wakakata uchakavu, ambao shirika la ndege lilikwisha ukata. Wakaniandikia dola 22. Nimefanya hesabu za watu miaka 31, siwezi kuona kitu kimoja kinachakaa mara mbili kwa ajali moja nikanyamaza. Nimeandika barua, nimeambatisha hesabu zangu, na wao wameomba niwatumie fimbo iliyovunjika Dar kwa ukaguzi. Nauli ya basi ya kifurushi na bodaboda ya kukifikisha ofisini kwao vimeshakula karibu nusu ya hizo 22.

Je, nitaikata tena? Ndiyo, lakini kwa ajili ya ukodi na ya mpira kuvunja vioo vya watu. Kwa fimbo kuukuu zilizopita mikono miwili mitatu haina faida, kiasi cha kubeba mwenyewe kinaimeza. Mwenye seti mpya ya mamilioni aikate bila kufikiri, ila adai bei ya kununua mpya iandikwe kwenye mkataba, na aulize kuhusu fimbo zilizolala kwenye gari: yangu hailipi, hata gari likiwa limefungwa.

Begi laini linakunjika likakaa chini ya kitanda, na kwenye gari ndogo ya kukodi lilipenya pale sanduku la shemeji lilipotulazimisha kukunja kiti na mimi kukaa nimekumbatia mfuko wa viatu. Sanduku ni zito, unapoteza kilo za mzigo kwa sanduku lenyewe. Lakini lilitoka nzima.

Mwezi wa tatu tunakwenda Kigali. Shemeji amekubali kuniazima sanduku lake. Kasema nikilirudisha na mkwaruzo, nisimletee habari za bima.