Skuna za kisigino kinene: nimezivaa kazini na harusini

Hizi ndizo skuna za kwanza ninazovaa kutwa nzima bila kubeba ndala kwenye mkoba. Ni nyeusi, za ngozi, kisigino cha mraba sentimita 7, na mkanda wa kufunga juu ya kifundo cha mguu.

Wengi wetu tukinunua tunaangalia urefu tu. Mimi siku hizi naangalia kwanza kisigino kimekaa wapi. Kwenye hizi kimesimama chini ya katikati kabisa ya kisigino cha mguu, pale unapokanyagia, hakikusogezwa nyuma. Weka kiatu juu ya meza, kibonyeze kwa kidole: hakiyumbi. Palepale dukani nilijaribu mchuchumio mwembamba wa urefu uleule, nikatembea kama ndama aliyezaliwa leo.

Mkanda nao una kazi yake, si urembo tu. Kiatu kirefu huusukuma mguu mbele, uzito wote ukatua chini ya vidole, na kama kimechongoka, kidole gumba huishia kumlalia jirani yake. Hapa mguu umeshikwa, na mbele ni duara, vidole vinakaa vimenyooka. Kidole changu kidogo, chenye sugu ya viatu vya zamani, kimepumua.

Kasoro zipo. Ukingo wa nyuma ulikuwa mgumu, ukanichubua hadi malengelenge. Nilibandika plasta, nikawa nazivaa nyumbani na soksi nene mpaka ngozi ikalegea. Hilo linawezekana kwa ngozi halisi; za plastiki usidanganywe na muuzaji kwamba "zitaachia". Soli ni laini mno, kwenye vigae inateleza, ikabidi fundi viatu anibandikie mpira. Mwambie pia akubadilishie kile kimpira cha chini ya kisigino kabla hakijaisha, maana msumari ukitokeza utasikika ukumbi mzima.

Kuhusu mwonekano, tusidanganyane: kisigino chembamba kinaurefusha mguu zaidi na gauni refu linakaa vizuri. Rafiki yangu aliziita hizi "viatu vya mwalimu mkuu". Sawa. Harusini, wimbo wa pili haujaisha yeye ameshakaa, viatu vyake viko chini ya meza, mimi bado nacheza.

Anayetaka kwenda juu zaidi atafute zilizoinuliwa mbele pia. Kisigino cha sentimita 10 chenye soli ya mbele ya sentimita 3, mguu unausikia mwinamo wa 7 tu. Ila ni nzito, na ukikanyaga vibaya unaanguka kutoka juu.

Saizi: jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae zote mbili, kwa sababu mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Chukua inayoutosha huo mkubwa, mwingine uuwekee kisoli cha ndani. Nimetoa nyota 4. Ya tano imeliwa na ile soli.