Pikapu ya kuvuta tela dogo: kabla ya injini, pima mkia

Tela letu la kulala si kubwa. Lina kitanda, jiko la gesi na tangi la maji la lita 80, na likijaa kila kitu ni kama tani moja. Ili tulivute, tuliuza gari letu la Noah tukanunua dabo kebini, pikapu yenye viti vya mbele na vya nyuma, kwenye yadi moja hapa Arusha. Dalali alipiga bodi kofi akaniambia, "Mama, hii inavuta hata nyumba." Injini ilikuwa nzima, matairi mapya, viti safi. Nikalipa.

Safari ya tatu tulikuwa tunarudi kutoka Moshi. Tumeshapita Boma Ng'ombe, tunakaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, basi likatupita kwa kasi. Upepo wake ukalisukuma tela, tela likavuta mgongo wa gari kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi, na usukani mikononi mwangu ukawa mwepesi kana kwamba matairi ya mbele yameacha lami. Baba Neema alishika dashibodi, hakusema neno. Niliondoa mguu kwenye mafuta, sikugusa breki, nikaushika usukani umenyooka mpaka tela likatulia lenyewe. Watoto walikuwa kiti cha nyuma.

Jioni ile nililala chini ya gari na futi kamba. Kutoka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka kichwa cha ndoano ya kuvutia tela: sentimita 160. Fundi wa mwenye gari wa kwanza alikuwa amechomelea kipande cha bomba la mraba ili ndoano ipite bampa ya chuma. Akakipaka rangi nyeusi, kikapendeza, na hakuna aliyekiangalia tena. Mimi pia sikukiangalia.

Kwa hiyo hapa hutanisikia nikizungumzia nguvu za farasi. Karibu kila pikapu ya dizeli ya lita 2.5 kwenda juu inaweza kulivuta tela la tani moja, hata ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kinachoamua kama utafika salama ni mkia wa gari, yaani umbali kutoka ekseli ya nyuma mpaka ndoano, na jinsi umbali huo unavyolingana na urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Umeshawaona vijana wanaoshusha ndizi kwa baiskeli. Mkungu ukifungwa karibu na kiti, baiskeli inakwenda. Ukifungwa nyuma kabisa ya keria, tairi la mbele linanyanyuka. Gari ni hivyohivyo. Tela la tani moja lililopangwa vizuri linaikandamiza ndoano kwa kilo 100 hivi, na usijaribu kuupunguza sana uzito huo, maana shingo ya tela, yaani chuma chake cha mbele kinachokaa juu ya ndoano, ikiwa nyepesi tela lenyewe ndilo linaloanza kuyumba. Sasa chukua gari lenye mita 3.1 kati ya ekseli. Ndoano ikiwa sentimita 160 nyuma ya ekseli, kilo 100 hizo zinaondoa kilo 52 kwenye matairi ya mbele na kuweka kilo 152 kwenye ya nyuma. Ongeza jenereta, mtungi wa gesi na friji ndogo nyuma kwenye bodi ya mizigo, ambayo kwenye dabo kebini sehemu yake kubwa iko nyuma ya ekseli, ndipo utaelewa kwa nini usukani wangu ulikuwa mwepesi. Na tela linapoyumba, mkia huohuo ndio mpini linaloushika kukuzungusha. Sijawahi kumsikia muuzaji hata mmoja akiutaja.

Uzito wa shingo ya tela unapimwa nyumbani. Weka mizani ya kupimia watu chini, simamisha kipande cha mbao juu yake, shusha shingo ya tela juu ya mbao likiwa limelala sawa, usome. Angalia na tangi la maji liko wapi: letu liko mbele ya ekseli ya tela, na likijaa shingo inaongezeka uzito kuliko nilivyodhani.

Chaguo langu la kwanza ni Isuzu D-Max ya kizazi cha kuanzia 2012, injini ya lita 3.0, na sifichi kwamba naipenda. Kati ya ekseli ina mita 3.095. Yetu ya sasa, tuliyonunua baada ya ile ya mkia mrefu, ndoano ikiwa imefungwa inavyotakiwa, mkia wake ni sentimita 127, kwa hiyo kilo zinazotoka mbele ni 41 badala ya 52. Injini yake, 4JJ1, ni ndugu wa injini zilizomo kwenye malori madogo ya Isuzu, kwa hiyo fundi wa malori anaijua bila kubahatisha. Tena D-Max zinaunganishwa Nairobi. Kutoka Arusha mpaka Namanga ni kama kilomita 110, na kifaa nikikikosa hapa mjini naagiza Nairobi kinakuja na basi. Springi za nyuma ni za majani, zikichoka unaongeza jani moja.

Ya pili ni Ford Ranger ya kizazi cha kuanzia 2012. Kwa kipimo changu ingekuwa ya kwanza, kwa sababu ina mita 3.22 kati ya ekseli, na ukiivutia tela unahisi imekaa chini imetulia. Injini ya lita 3.2 yenye silinda tano haichoki mlimani. Nimeishusha kwa sababu ya vipuri tu. Ukiwa na fundi unayemwamini na subira ya kuagiza, chukua Ranger wala usinisikilize.

Toyota Hilux naiweka ya tatu na najua nitalaumiwa. Ni gari zuri, vipuri viko mpaka Sanya Juu, lakini unalipia jina. Kwa pesa ya Hilux iliyochoka unapata D-Max yenye afya. Kati ya ekseli ina mita 3.085, hakuna cha ajabu hapo.

Nissan Navara dabo kebini za kizazi cha kuanzia 2015, nyingi zina springi za koili nyuma. Abiria watafurahi, ila ukiweka tela na mzigo inakaa kitako na taa zinamulika miti. Mitsubishi L200 ya kabla ya 2023 ina mita 3.0 tu kati ya ekseli, na bodi iliyorefuka nyuma. Kwa tela siishauri. Land Cruiser ya pikapu ni ya kampuni za utalii, bei yake tuiache. Pikapu za bei ya chini, zile kebini moja za zamani, pima mkia na uangalie breki, basi.

Sasa wauzaji. Ukiambiwa Hilux ya 2010 "imetoka Japani", ujue unadanganywa: Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017. Gari hilo limetoka Thailand, Uingereza, Afrika Kusini au kwingine. Ya Uingereza ikague zaidi, kwa sababu kule wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi na chumvi inakula chesisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na kwenye ncha ambako ndoano inafungwa. Beba bisibisi, gonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kifuu. Na akikwambia bei imepanda kwa sababu ya ushuru, fungua kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, cha magari yaliyotumika, weka aina, mwaka na ukubwa wa injini, umwonyeshe. Inaniuma kwamba nikienda peke yangu natajiwa bei moja, Baba Neema akienda kesho yake anatajiwa nyingine, ya chini, kwa gari lilelile.

Ndoano yenyewe ifungwe kwa bolti kwenye reli zote mbili za chesisi, isichomelewe kwenye bampa, na kichwa chake kiwe cha milimita 50 kama tela lako ndivyo linavyotaka. Kama bampa ya chuma inazuia, ikatwe bampa. Yadi ya kwanza niliyokwenda kutafuta D-Max walinikatalia kulala chini ya gari, wakasema nitachafuka. Niliondoka. Ya pili, Moshi, kijana alinitandikia boksi chini akanishikia ncha ya futi, na hapo ndipo nilipoacha pesa yangu.