Mafunzo ya kikundi au mtaalamu nyumbani?

Kwenye kikundi, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hukutana na wazazi wenzake. Anayeona haya kuuliza husikia swali lake likiulizwa na mwingine. Ila kikundi hakijui mnavyoishi.

Mtaalamu akija nyumbani, hujionea. Anakuta mtoto mwenye mtindio wa ubongo analishwa akiwa chali. Anamkalisha wima, kidevu kikiinama kidogo, ili chakula kisimpalie. Hilo huwezi kulifundisha kwa maneno matupu. Tatizo ni gharama, na wengine, tuseme ukweli, hawapendi mgeni jikoni.

Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani huchanganya: vikao 9 vya kikundi, ziara 3 nyumbani. Ukilazimika kuchagua na mtoto ana shida ya kumeza, anza na nyumbani.